Kufunga tabo kwenye gari la kila siku: mafuta, joto na oili kwanza, presha baadaye

Injini ya lita 2.0 inayovuta hewa yenyewe, yenye nguvu farasi 200 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 205, inaweza kufika nguvu farasi 260 kwa busti ya bar 0.5 tu, yaani presha ya hewa inayoshindiliwa na tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi). Ikifungwa vizuri itawaka asubuhi kama kawaida, itakaa kwenye foleni kiyoyozi kikifanya kazi, na itarudi nyumbani jioni bila kudai chochote zaidi ya kubadilishiwa oili mapema. Ikifungwa vibaya, pistoni hutoboka kwa busti hiyohiyo, na wakati mwingine kwa busti ndogo zaidi. Ukiifungua injini iliyokufa hivyo, mara nyingi utakuta chanzo ni pampu ya mafuta iliyozidiwa, cheche iliyowahishwa mno, hewa ya moto, au oili iliyokosa njia ya kurudi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ni nadra tabo yenyewe kuwa na kosa.

Kwa hiyo mpangilio ninaoushikilia ni huu: amua kwanza injini inaweza kubeba torki kiasi gani, jenga mfumo wa mafuta, ubaridi na oili kulingana na kiwango hicho, ndipo uchague chombo cha kushindilia hewa. Wengi huanzia mwisho. Wananunua tabo kwa sababu imepatikana, kisha wanaanza kutafuta namna injini itakavyoistahimili.

Gari la mashindano hukaguliwa baada ya kila mbio. Gari la kila siku hukanyagwa likiwa halijapata moto, hujazwa petroli yoyote iliyopo kituoni, na hupanda mlima kwa gia ya nne likiwa na watu watano ndani. Hizo ndizo hali za kupangia, na ndiyo maana hapa nazungumzia busti ya bar 0.4 hadi 0.6 kwenye injini ambayo haijafunguliwa.

Pima injini kabla ya kununua hata bolti

Pasha injini hadi joto lake la kazi, toa plagi zote, kata mafuta na umeme wa cheche, hakikisha betri imejaa, kanyaga ekseli hadi mwisho, kisha zungusha kwa starta mpaka sindano ya geji iache kupanda. Kila silinda ipate mizunguko ileile. Silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10.

Baada ya hapo fanya kipimo cha uvujaji, ambacho ndicho kinachosema ukweli wote. Pistoni ikiwa juu na valvu zote zimefungwa, ingiza hewa yenye presha kwenye tundu la plagi na usome kiasi kinachopotea. Chini ya asilimia 10, endelea. Ikifika asilimia 20, simama na utengeneze kwanza. Sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea moshi, kwenye trotli ni valvu ya kuingizia hewa, kwenye mdomo wa kujazia oili ni ringi, na mapovu kwenye rejeta ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe. Ringi inayovuja kidogo bila busti huvuja zaidi ukiweka busti, na presha hiyo yote huishia chini ya injini ambako oili inakaa.

Jua pia uwiano wa mgandamizo wa injini yako. Toyota 2JZ-GTE, iliyotengenezwa kiwandani ikiwa na tabo, ina 8.5 kwa 1. Mazda MX-5 ya kwanza yenye injini ya lita 1.6 ina 9.4. Honda K20A ya Type R ya soko la Japani ina 11.5, FA20 ya Toyota 86 na Subaru BRZ ina 12.5, na MX-5 ya kizazi cha nne ina 13.0. Uwiano mkubwa haukatazi busti, ila unapunguza sana nafasi kati ya cheche iliyo sahihi na noki, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe ndani ya silinda. Usishawishike kuweka gasketi nene ya hedi ili kuushusha. Gasketi hiyo huongeza pengo kati ya uso wa pistoni na ukingo wa hedi, mahali ambapo hewa na mafuta hubanwa na kuchanganyika vizuri pistoni inapokaribia kufika juu. Pengo likiwa kubwa, uchomaji unakuwa wa polepole na injini inaweza kunoki zaidi ya ilivyokuwa. Kama uwiano ni tatizo, dawa yake ni pistoni nyingine. Au kubali busti ndogo.

Kikomo cha torki

Konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na kranki, hupinda kwa presha ya silinda, na hukatika kwa mzunguko mkubwa. Presha ya silinda hufuata torki, si nguvu farasi. Nguvu farasi 260 kwenye mizunguko 6,800 kwa dakika ni kama Nm 272, na konrodi nyingi za kiwandani huvumilia hapo. Nguvu hizohizo zikilazimishwa kwenye mizunguko 4,500 zingehitaji Nm 411, na hapo konrodi hupinda bila onyo. Tabo ndogo inayojaza busti yote kwenye mizunguko 2,500 ni tamu kuendesha, lakini ndiyo inayoitesa injini zaidi: pistoni inakwenda polepole, presha inakaa muda mrefu, na kwenye injini zinazonyunyizia mafuta ndani ya silinda moja kwa moja mchanganyiko unaweza kujiwasha kabla ya cheche. Tukio moja la namna hiyo linatosha kuvunja sehemu ya pistoni inayoshika ringi.

Kwa hiyo busti ipande kwa ngazi: bar 0.3 kwenye mizunguko 3,000, na 0.5 kuanzia 4,500. Dereva hatahisi amenyang'anywa kitu, maana torki bado itakuwa juu sana ya ile ya zamani katika kila mzunguko.

Tabo au supachaja

Kwa injini yenye uwiano wa 12 na zaidi na konrodi nyembamba, mimi ningechagua supachaja ya feni inayozungushwa na mkanda. Busti yake hupanda takriban kwa mraba wa mizunguko, kwa hiyo chini inakuwa kidogo na huja kwa wingi mwishoni, pale ambapo torki ya injini ingekuwa imeanza kushuka. Konrodi hupona, na hakuna ekzosi ya moto mpya chini ya boneti. Gharama yake ni mkanda. Puli ya supachaja iwe imezungukwa na mkanda vya kutosha, puli zote zikae kwenye mstari mmoja bila kupishana zaidi ya milimita 1, na kikazio kiwe na nguvu. Busti ikipanda vizuri hadi mizunguko 6,000 halafu ikaanza kushuka, na ukakuta unga mweusi karibu na puli, mkanda unateleza.

Supachaja za skrubu na za aina ya Roots hutoa busti tangu chini na hufaa injini kubwa, lakini huchemsha hewa zaidi na hutegemea intakula (kipoza hewa iliyoshindiliwa) ya maji. Yoyote utakayochukua, hakikisha valvu ya kupitishia hewa pembeni inafunguka wakati wa mwendo wa kawaida. Isipofunguka, supachaja itashindilia hewa isiyohitajika siku nzima na mafuta yatakwisha mapema.

Kwa injini zilizobaki, tabo. Soma ramani ya kompresa yake, yaani mchoro wa ufanisi wa feni inayoshindilia hewa, kabla ya kulipa. Nguvu farasi 260 zinataka hewa ya kilo 11 hadi 12 kwa dakika, yaani ratili 24 hadi 26. Tafuta tabo ambayo kwa uwiano wa presha wa 1.5 hadi 1.6 inafanya kazi katikati ya visiwa vya ufanisi, asilimia 70 na zaidi, mbali na ukingo wa kushoto ambako hewa hurudi nyuma kwa kishindo. Upande wa ekzosi, usichague nyumba (kasha) ndogo kabisa ya tabini, feni inayosukumwa na moshi. Nyumba ndogo huamsha tabo mapema lakini huziba moshi juu, presha inarundikana kwenye manifoldi ya ekzosi, moshi wa moto unabaki kwenye silinda, na noki inafuata.

Westigeti, valvu inayopitisha moshi pembeni ya tabini, ndiyo inayoweka busti ya chini kabisa: springi ya bar 0.5 haitakupa bar 0.3 hata kompyuta ya injini ikiomba. Kama unataka ngazi niliyoitaja, nunua springi ya bar 0.3 na uongeze kwa solenoidi (valvu ya umeme). Bomba la kuipa westigeti ishara litoke kwenye nyumba ya kompresa, liwe peke yake, bila tii ya geji au kitu kingine. Likichomoka, hakuna kinachoizuia busti. Busti inayozidi kupanda kadiri mizunguko inavyopanda, ingawa solenoidi imezimwa, inamaanisha westigeti haipitishi moshi wa kutosha. Panua tundu au badilisha manifoldi. Kompyuta haiwezi kutibu hilo.

Hesabu ya mafuta

Hapa ndipo injini nyingi zinapopotea, na hesabu yenyewe ni ya dakika tano.

Kwa injini yenye busti, kiwango cha tahadhari ni gramu 270 za petroli kwa saa kwa kila nguvu farasi. Nguvu farasi 260 zinataka kilo 70 kwa saa, sawa na lita 94. Gawanya kwa injekta nne, yaani vinyunyizio vya mafuta, kila moja inatoa lita 23.5 kwa saa, au cc 392 kwa dakika. Injekta isikae wazi zaidi ya asilimia 80 ya muda ilio nao, kwa hiyo 392 gawanya kwa 0.8, jibu ni 490. Chukua injekta za cc 550. Nafasi inayobaki ni ya asubuhi za baridi, umeme dhaifu na petroli yenye ethanoli kidogo. Ukitaka kutumia E85, mafuta ambayo sehemu kubwa ni ethanoli, ongeza asilimia 30 hadi 40 kwenye kila namba.

Injekta zije na karatasi ya data, hasa muda zinaochelewa kufunguka kwa kila kiwango cha volti. Injekta ileile huchelewa zaidi kwenye volti 11 kuliko kwenye 14. Kompyuta isipojua hilo, gari litakuwa gumu kuwaka, litatetemeka kwenye sailensi (likinguruma bila kukanyagwa), na mchanganyiko utabadilika kila feni ya rejeta inapowaka. Watu hulaumu tuni (mipangilio ya kompyuta), kumbe ni karatasi iliyokosekana.

Kisha presha. Injekta hupima mafuta kwa tofauti ya presha kati ya reli (bomba linalogawa mafuta kwa injekta) na manifoldi ya kuingizia hewa. Reli ikiwa na bar 3 zisizobadilika na manifoldi ikawa na busti ya 0.5, tofauti ni 2.5, na injekta hutoa asilimia 9 pungufu ya ilivyoandikwa. Kwa busti ya bar 1 upungufu ni asilimia 18, wakati ambapo injini inahitaji mafuta zaidi kuliko wakati wowote. Dawa ni regyuleta yenye bomba la kwenda kwenye manifoldi, inayopandisha presha ya reli bar kwa bar, au kompyuta inayosoma presha ya reli na kufidia. Magari mengi ya sasa hayana bomba la kurudisha mafuta tangini, kwa hiyo regyuleta ya namna hiyo inadai bomba jipya la kurudi.

Pampu ya lita 255 kwa saa inatosha kwa mradi huu, ilimradi ipate umeme. Namba hiyo hupimwa kwa takriban volti 13.5; ikipata 11.5 pampu inazunguka polepole, na waya za kiwandani zilipangiwa pampu ndogo. Vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 20 na relei, ukitumia waya wa zamani kuiamsha relei tu. Pima volti kwenye plagi ya pampu injini ikiwa inavuta: ikipishana na betri kwa zaidi ya volti 0.5, tafuta kiungo kibovu, na uanze na waya wa bodi (wa hasi). Pia usikanyage busti kwenye kona tangi likiwa chini ya robo. Pampu ikivuta hewa kwa nusu sekunde, silinda inachoma bila mafuta ya kutosha kwa nusu sekunde hiyo.

Injini inayonyunyizia ndani ya silinda ina kikomo kingine: pampu ya presha kubwa inayosukumwa na kemshafti. Kubadilisha pampu ya tangini hakusaidii hiyo ikizidiwa. FA20 ina unafuu kwa kuwa ina injekta za aina zote mbili, na zile za kwenye njia ya hewa ni rahisi kubadilisha.

Joto

Hewa ya nyuzi 30 ikishindiliwa kwa bar 0.5 na kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, inatoka ikiwa na nyuzi 83 hivi. Intakula yenye ufanisi wa asilimia 70 inairudisha hadi nyuzi 46. Kati ya 83 na 46 kuna tofauti ya injini inayodumu na inayonoki, ndiyo maana sikubaliani na wanaosema busti ndogo haihitaji intakula.

Ya kupozwa na hewa ni nzuri zaidi kwa gari la kila siku kwa sababu haina pampu wala maji ya kuvuja. Ifunge mbele ya rejeta, lakini ziba kila pengo pembeni kwa bati au sponji ngumu ili hewa isikwepe. Hewa hupita penye upinzani mdogo, na ukiacha mwanya wa vidole viwili, itapita hapo badala ya kwenye rejeta. Mabomba ya milimita 57 kutoka kwenye tabo na 63 kwenda kwenye trotli yanatosha. Makubwa zaidi huongeza ujazo wa kujazwa na kuchelewesha mwitikio. Kila mwisho wa bomba uwe na ukingo ulioinuliwa, la sivyo mpira wa silikoni utachomoka siku ya mvua. Pima presha kabla na baada ya intakula. Ikipotea zaidi ya bar 0.1, intakula ni ndogo au imeziba.

Sensa ya joto la hewa ihamishwe baada ya intakula. Ikiachwa kwenye boksi la kichujio itasoma nyuzi 35 wakati injini inavuta 60, na kompyuta haitajua icheleweshe cheche. Kwenye foleni intakula hupata joto lote la boneti. Ramani ya kompyuta iwe imeanza kuchelewesha cheche kuanzia nyuzi 45 na kupunguza busti kuanzia 60.

Manifoldi ya ekzosi ya chuma cha kusubu ni nzito na haipendezi machoni, lakini hudumu. Za mabomba ya chuma kisichoshika kutu hurefuka kwa joto na kupasuka kwenye maungio, hasa tabo ikiwa inaning'inia bila mshikizi. Weka mshikizi kutoka kwenye tabo hadi kwenye bloku yenyewe, usiufunge kwenye bodi, na utumie nati zinazojifunga. Nyumba ya tabini ivalishwe blanketi lake, na bati la kinga lisimame kati yake na mabomba ya breki, waya na tangi la maji ya breki. Kitambaa cha kufungia manifoldi hushika unyevu na huzidisha joto la chuma chenyewe. Kwenye mabomba membamba huharakisha nyufa.

Ongeza kipoza oili chenye themostati inayofunguka nyuzi 80 hadi 85. Bila themostati oili itabaki baridi kwenye safari fupi, na maji na petroli iliyomo haitakauka. Oili ikae nyuzi 90 hadi 115. Ikipita 130, punguza mguu.

Kuna wanaotegemea mnyunyizo wa maji na methanoli kuponya noki. Oldsmobile Jetfire ya 1962, miongoni mwa magari ya kwanza kuuzwa yakiwa na tabo, ilikuwa na V8 ya lita 3.5 yenye uwiano wa 10.25 kwa 1 na ilitegemea tangi la maji na methanoli. Lilipokwisha, valvu ilikata busti. Wenye magari wengi hawakulijaza, na hatimaye baadhi ya magari yaliondolewa tabo na kuwekewa kabureta. Teknolojia hiyo inafanya kazi hadi leo, ila kwa gari la kila siku iwe ziada tu: injini iwe salama tangi likiwa tupu.

Oili na njia yake ya kurudi

Oili ya kuingia kwenye tabo hutoka na presha ya injini. Ya kutoka hurudi kwa uzito wake tu, ikiwa imejaa povu. Kwa hiyo bomba la kurudi ndilo la kuhangaikia. Kipenyo cha ndani kisipungue milimita 14, literemke mfululizo bila tumbo wala kupanda hata kidogo, na liingie kwenye sampu juu ya kiwango cha oili. Likiingia chini ya kiwango hicho, oili inarundikana ndani ya tabo, inapita kwenye sili, na gari linatoa moshi wa buluu. Watu wengi wamebadilisha tabo nzima, hata mara mbili, kwa sababu ya bomba hilo. Usitumie gundi ya silikoni kwenye flenji za oili. Kipande kinachomenyeka huziba tundu la kuingilia na beringi hufa kwa dakika chache.

Tabo ya beringi za gololi inataka kizuizi cha milimita 1 hivi kwenye bomba la kuingia. Ya beringi za kawaida kwa kawaida haihitaji. Shafti ya tabo ilale sawa, na tundu la kutokea oili lisiegemee zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Mabomba ya maji yaunganishwe pia. Kazi yao kubwa huanza baada ya kuzima injini, maji yanapozunguka yenyewe kwa joto na kuizuia oili isiungue ndani ya beringi.

Halafu kuna upumuaji wa chini ya injini, unaosahaulika kuliko vyote. Valvu ya kiwandani huvuta mvuke wa oili kwenda kwenye manifoldi ya kuingizia hewa. Manifoldi ikipata busti, njia hiyohiyo itasukuma hewa chini kwenye oili kama valvu haizibi sawasawa. Weka valvu ya njia moja, na upande wa kava la valvu upitie kopo la kunasia oili lenye matundu ya ndani, kisha urudi kabla ya tabo ambako kuna mvuto. Dalili za kukosea hapa ni dipstiki inayoruka, sili ya nyuma ya kranki inayovuja, na moshi unaodhaniwa ni wa tabo.

Plagi ziwe baridi kwa hatua moja: kwa NGK namba inapanda, mfano 6 kwenda 7; kwa Bosch inashuka. Pengo lipunguzwe kutoka milimita 1.1 hadi 0.7, kwa sababu hewa iliyobanwa ni ngumu kurukwa na cheche. Klachi ya kiwandani itabeba kwa muda, kisha itaanza kuteleza kwenye gia ya juu. Nunua iliyopimwa kwa Nm 350, na isiwe ya vipande vya shaba kama unapita kwenye foleni kila siku. Mwambie mwenye bima, na usiondoe kataliti (kisafisha moshi). Gari la kila siku lazima lipite ukaguzi.

Kompyuta

Sensa ya presha ya kiwandani kwenye injini isiyo na tabo husoma kidogo tu juu ya presha ya anga. Weka ya bar 2.5 au 3 za presha kamili. Kama gari linatumia sensa ya mtiririko wa hewa, valvu ya kupumulia, inayotoa busti unapoachia ekseli, irudishe hewa ndani kabla ya tabo. Ikiitupa nje, kompyuta itaweka mafuta ya hewa ambayo haipo tena, na injini itazimika kila ukiachia ekseli.

Sensa pana ya oksijeni, kama Bosch LSU 4.9, ikae angalau sentimita 45 baada ya tabo, ikielekea juu kati ya saa nne na saa nane kwenye mduara wa bomba, ukihesabu saa kwa Kiswahili, ili maji ya asubuhi yasiivunje. Lengo ni lambda (kipimo cha hewa dhidi ya mafuta; chini ya 1 mafuta yamezidi) ya 1.0 kwenye mwendo wa kawaida na 0.78 hadi 0.82 kwenye busti yote. Mchanganyiko mzito zaidi ya hapo huosha oili kwenye kuta za silinda bila kuongeza usalama.

Cheche ianze ikiwa imecheleweshwa kupita kiasi, kisha iongezwe nyuzi moja moja kwenye dainomita (mashine ya kupimia nguvu) huku noki ikisikilizwa kwa vifaa. Torki ikiacha kuongezeka, acha hapo. Na hata kama bado inaongezeka, ikigusa noki rudi nyuzi 2 au 3. Tuni ifanywe kwa petroli dhaifu kuliko zote utakazokutana nazo. Na usilipie kazi isiyo na vikatizo: busti ikipita lengo kwa bar 0.2, mchanganyiko ukiwa mwepesi chini ya busti, au presha ya mafuta ikishuka, injini ikate yenyewe.

Siku ya kuwasha

Kwanza ziba mdomo wa tabo na ujaze njia yote ya hewa kwa presha ya bar 0.5, ukipuliza maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Mimina oili kidogo kwenye tundu la kuingilia la tabo na uizungushe feni kwa kidole. Kata mafuta na cheche, piga starta kwa vipindi vya sekunde 10 hadi taa ya oili izime na oili ionekane ikitoka kwenye bomba la kurudi. Ndipo uwashe, uiache bila kukanyaga, na upite na tochi kutafuta uvujaji wa petroli kabla ya kitu kingine chochote.

Ipoe kabisa, kisha kaza tena nati za manifoldi na vibano vyote. Rudia baada ya kilomita 100. Kilomita 500 za kwanza ni za kumzoesha dereva na klachi, bila busti kamili. Mwishoni mwaga oili na uikate filta kwa kisu uangalie chembe za chuma. Baada ya hapo oili nzuri ya 5W-40 kila kilomita 5,000, plagi kila 20,000, na kipimo cha uvujaji wa hewa kila mara busti inapochelewa kufika. Dakika mbili za mwisho kabla ya kuzima endesha taratibu. Hiyo huipoza tabo kuliko kuiacha ikinguruma ukiwa umeegesha.

Weka rekodi ya kompyuta ya gia ya tatu, kutoka mizunguko 2,500 hadi mwisho, kila mwezi, barabara ileile. Linganisha joto la hewa, muda wa injekta, presha ya mafuta na nyuzi zilizopunguzwa na sensa ya noki. Muda wa injekta ukipanda kutoka asilimia 74 hadi 80 bila busti kubadilika, pampu au filta imeanza kuchoka, na una wiki kadhaa za kuibadilisha kabla injini haijaanza kuvuta mchanganyiko mwepesi.